Marehemu Anasimulia Amerika

Sufuria ya maharage ilianguka, na Spéciose hakuinama kuiokota.

Uliyesoma Jumamosi iliyopita unajua kilichomshtua. Uliyekuta gazeti limeshafungiwa maandazi, sikiliza kwa ufupi. Mélissa, binti yake wa pekee, alikuwa ameketi jikoni kwao Malvern, Toronto, akitazama video kwenye simu. Video haikuonyesha mtu, ilionyesha picha za kisiwa tu. Lakini ilikuwa na sauti, na sauti ile ilikuwa ya Hyacinthe, mume wa Spéciose, mtu aliyekufa maji miaka sita nyuma kwenye maporomoko ya Niagara.

Mchuzi ulitambaa mpaka chini ya friji. Sauti iliendelea, tulivu, kama ya mtu aliyeshiba.

"Kule Michigan, ndugu zangu, kuna kisiwa kinaitwa Mackinac. Magari yamepigwa marufuku pale tangu mwaka 1898. Watu ni baiskeli na farasi. Hata takataka huzolewa kwa mkokoteni wa farasi. Wana barabara kuu ya serikali, imepewa na namba yake, na hakuna gari linaloipita."

"Mama," Mélissa alisema, "ni Papa?"

Alisema kwa Kiswahili. Mtoto yule tangu darasa la kwanza alikuwa akisemeshwa Kiswahili anajibu Kiingereza. Spéciose aliposikia Kiswahili kikimtoka, alijua kwamba jibu analo tayari.

Hyacinthe alikuwa na gari la abiria kumi na watano. Kila majira ya joto aliwapakia watu wa kanisa, Wakongomani na Warundi waliochoka na viwanda na nyumba za wazee, akawavusha mpaka kwenda kuiona Amerika. Kipaza sauti mkono mmoja, usukani mkono mwingine. Alijua mambo ambayo wenyeji wenyewe hawakuyajua, na watu walikuwa wakilipa nauli kwa ajili ya maneno yake zaidi kuliko kwa ajili ya safari.

Julai 2010 aliwapeleka Niagara, upande wa Marekani. Jioni, koti lake na viatu vyake vilikutwa kando ya uzio. Aliyemwona akiupanda uzio ule ni mtu mmoja tu: Patrick, kijana wa kanisani aliyekuwa akimsaidia kuendesha. Askari walitafuta, wakaacha. Wakasema maji yale hayarudishi kila anayeingia.

Misa ya maziko ilisomwa mbele ya picha. Na Patrick hakuondoka. Alizoa theluji mlangoni, alimpeleka Mélissa shule, alikaa hospitali Spéciose alipofanyiwa upasuaji. Mwaka ule wa 2016, mahakama ilipokwisha kukubali kwamba Hyacinthe ni marehemu, Patrick alipiga goti. Harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata. Gauni lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa chumbani, bado limo ndani ya nailoni.

Mélissa alifungua ukurasa wenye video zile. Jina lake lilikuwa Amerika Usiyoijua. Video zilikuwa nyingi: miji, mapango, madaraja, mashamba ya maboga. Hakuna jina la mwenyewe wala sura. Moja ilikuwa ya Niagara.

"Weka hiyo," Spéciose alisema.

"Mama, si lazima."

"Weka."

"Mwaka 1969," ilisema sauti, "Wamarekani waliyazima maporomoko yao. Ndiyo, kama mtu anavyofunga bomba. Walijenga ukuta wa mawe na udongo kule juu mtoni, maji yote yakageukia upande wa Kanada, na mwamba ukabaki mkavu kwa miezi kadhaa. Watu walitoka mbali kuja kuangalia mahali pasipo na maji. Na kule chini, ndugu zangu..." Hapo ilinyamaza kidogo, kama alivyokuwa akinyamaza garini kila alipokaribia neno baya. "Kule chini walikuta maiti wawili."

Spéciose alikaa sakafuni, pale pale penye mchuzi. Miaka sita alikuwa akimfikiria mumewe chini ya mawe yale. Alikuwa ameshazoea kumfikiria pale. Alijua amelala ubavu gani.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Patrick, ana ufunguo wake, ameleta kreti la soda za harusi. Aliwaona mama na binti, akaona maharage sakafuni, halafu akaisikia sauti. Aliweka kreti chini polepole mno, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

Hakungoja kuulizwa. Alisema ni yeye. Alisema Hyacinthe alikuwa na tabia ya kujirekodi akiwa njiani ili aboreshe maneno yake, na baada ya msiba yeye Patrick alizikuta rekodi zile garini, akazificha kwa sababu hakuwa na moyo wa kuzileta kwa mjane. Mwaka jana ndipo alipoanza kuziweka mtandaoni na picha za kuokoteza, ili sauti ya rafiki yake isipotee. Alilia alipokuwa akisema hayo, machozi ya kweli.

"Kwa nini hukuniambia?" Spéciose aliuliza.

"Niliogopa. Ukimsikia yeye, mimi utanisikiaje?"

Spéciose alimwonea huruma. Kwa dakika chache zile moyo wake ulikuwa umeshamfufua Hyacinthe, umeshamtoa majini, umeshamvika koti kavu. Sasa ilibidi amzike tena. Alichukua tambara akaanza kufuta sakafu, na Patrick akapiga magoti upande wa pili, wakafuta pamoja. Mélissa aliondoka na simu yake.

Ningependa nikwambie kwamba mambo yaliishia hapo, watu wakaoana. Hayakuishia hapo.

Asubuhi Mélissa alimkuta mama yake akifunga vifungo vya sare ya kazi. Macho ya msichana yalikuwa mekundu. Alikuwa amezisikiliza video zote, moja baada ya nyingine, kwa sababu alikuwa amemkumbuka baba. Akamwomba mama asikilize moja, ya Vermont.

Ilikuwa habari ya madaraja ya mbao yenye paa. Wageni, ilisema sauti, hudhani paa lile ni la kuzuia theluji isijae darajani. Kumbe paa ni la kuzilinda mbao zisioze, na zamani wakati wa baridi watu walilipwa kuibeba theluji kwa koleo na kuitandaza ndani ya daraja, ili magari ya farasi yasiyo na magurudumu yapate kuteleza. Mélissa alimwambia mama asubiri, bado.

"Lipo moja mahali panaitwa Bartonsville," sauti iliendelea. "Lilidumu zaidi ya miaka mia. Likaja likabebwa na mafuriko ya Agosti 2011, zima zima, kama sanduku."

Mélissa alisimamisha video. Alisema, kwa Kiingereza chake cha haraka, kwamba ameshahakikisha, mafuriko ni ya mwaka ule kweli. Kisha akauliza kitu ambacho mama yake alikuwa ameshakijua. Mtu aliyekufa Julai 2010 alijuaje habari za Agosti 2011?

Spéciose hakwenda kazini. Alipanda basi mpaka kiwanda cha mikate alikofanya kazi Patrick, akamngoja kwenye lango la nyuma wafanyakazi wanakotokea kuvuta sigara. Patrick alitoka na kofia ya wavu kichwani, unga mpaka kwenye nyusi. Alipomwona, alitabasamu. Halafu tabasamu likamfia usoni.

"Yu wapi?" Spéciose aliuliza.

Patrick aliivua kofia akaikunja, akaikunja tena.

"Vermont. Anafanya kazi shamba la ng'ombe wa maziwa. Anatumia jina lingine."

"Hakuruka."

"Hakuruka. Aliacha koti na viatu, akavaa nguo alizokuwa nazo kwenye mfuko, akaondoka kwa miguu. Aliniambia nihesabu mpaka mia tano ndipo nipige kelele."

Wafanyakazi wawili walipita, wakamsalimia Patrick, wakaingia. Spéciose alingoja mlango ufungwe.

"Kwa nini?"

Patrick alieleza kwa sauti ya chini. Wiki moja kabla ya safari ile, Hyacinthe alikuwa ameingia dukani Parkdale kununua unga wa muhogo, na mtu wa kutoka nyumbani, mtu mzima, akamkazia macho, akaacha kikapu chake akatoka nje akikimbia. Hyacinthe alirudi bila unga. Alimwambia Patrick kwamba ametambuliwa, na kwamba akibaki, mkewe na mtoto wataangamia pamoja naye. Bora waitwe mjane na yatima.

"Alitambuliwa kuwa nani?"

"Sikuuliza."

"Miaka sita hukuuliza."

"Nilikuwa nakupenda," alisema Patrick. "Ningeuliza, pengine ningelazimika kusema. Ningesema, ungemfuata. Anazituma sauti zile kwangu, mimi naziweka mtandaoni, na ujumbe wa wasikilizaji anaujibu mwenyewe. Anasema hawezi kuishi bila kusimulia. Nilidhani hapa hakuna atakayezisikiliza."

Spéciose aliivua pete. Ilikuwa imebana, ikabidi aizungushe. Aliiweka ndani ya ile kofia ya wavu, mkononi mwa Patrick, akamwambia amjulishe padri yeye mwenyewe kwamba hakuna harusi. Kisha akageuka kurudi kituoni. Patrick alimfuata mpaka kwenye lango, na langoni akasimama, maana zamu yake ilikuwa haijaisha.

Sasa hapa Spéciose alifanya kosa, na mzazi yeyote angelifanya. Alirudi nyumbani akamwambia Mélissa kila kitu: kwamba baba yu hai, yuko Vermont, anakamua ng'ombe. Walikumbatiana. Walilia, kisha wakacheka, maana Hyacinthe alikuwa akiogopa hata mbwa, sembuse ng'ombe. Kwa saa moja nyumba ile ilikuwa na furaha ambayo haikuwahi kuwamo tangu wahamie.

Baada ya hapo Mélissa alisema ana mtihani, anakwenda kulala kwa rafiki yake Jennifer, Richmond Hill, wasome pamoja. Alimbusu mama yake mashavu yote mawili. Spéciose alishukuru kuachwa peke yake. Alitaka kukaa na jambo lile.

Kesho yake mchana alikwenda Parkdale kwa Épiphanie. Ndiye aliyekuwa awe msimamizi wake wa harusi, na habari kama ile haipelekwi kwa simu. Walifanya kazi pamoja nyumba ya wazee, waliwaogesha na kuwalisha wazungu waliosahau majina ya watoto wao. Épiphanie alikuwa amemzidi umri, mtu wa milima ya juu ya Uvira, Kongo, amefika Toronto mwaka uliopita tu. Hapa Toronto Hyacinthe hakuwahi kumwona. Habari zake za nyuma hakuzisimulia, na Spéciose, ambaye naye alikuwa mkimbizi, alijua kutouliza.

Alimkuta akipiga pasi gauni la usimamizi. Alimwambia aache, halitavaliwa. Akamsimulia yote, ya Patrick na ya Vermont, na Épiphanie akasikiliza akiendelea kunyoosha kitambaa kwa kiganja. Alisema Mungu ana njia zake. Alisema mwanamume aliyerudi kutoka kwa wafu asikemewe siku ya kwanza.

"Msikilize," Spéciose alisema, na usoni mwake mlikuwa na fahari ya mke. "Sikiliza mtu anavyojua kuongea."

Akafungua ile ya madaraja.

Sauti ilijaa chumbani. Épiphanie aliinua kichwa. Sentensi ya pili ilipofika aliweka pasi juu ya gauni, akaisahau pale. Ya tatu ilipofika alikuwa ameshikilia meza kwa mikono miwili.

"Zima," alisema.

"Da Épiphanie, kitambaa kinaungua."

"Zima hiyo sauti, Spéciose."

Spéciose alizima simu, akainua pasi mwenyewe. Kitambaa kilikuwa na alama ya kahawia, kona tatu, na harufu ya kuungua. Épiphanie alikuwa ameketi kitandani. Mwanzoni alisema kwa kukatakata, baadaye maneno yakatoka yenyewe.

Ilikuwa mwaka 1996. Watu wenye bunduki walikuwa wamewakusanya wanakijiji wote ndani ya shule ya misheni. Hawakupigwa. Aliingia mwanamume mmoja wakimwita Mwalimu, amevaa vizuri, akaketi juu ya meza, akaanza kuwasimulia habari za Amerika. Aliwaambia kuna mji Pennsylvania ambao ardhi yake inaungua kwa chini, makaa ya mawe yalishika moto mwaka 1962 na mpaka leo haujazimika, moshi unatokea kwenye nyufa za barabara. Watoto waliuliza kama watu wa kule hawaungui nyayo.

"Tulicheka," alisema Épiphanie. "Mimi nilicheka, Spéciose. Nilimpenda mtu yule kwa sababu alikuwa anaongea na sisi kama watu."

Kila hadithi ilipokwisha, alisoma majina kumi. Wale kumi walitolewa nje, na mlango ukafungwa. Halafu akaanza hadithi nyingine, kwa sauti ile ile, ili waliobaki wasisikie ya nje.

"Tulipoelewa, tulianza kumuuliza maswali. Ili hadithi isiishe. Mji ule uko wapi, una watu wangapi, kanisa lao likoje. Yeye alipenda kuulizwa. Alijibu yote, bila haraka. Mume wangu aliuliza mpaka akakosa cha kuuliza."

Spéciose alisema sauti za watu hufanana. Alisema Hyacinthe alikuwa mtu wa Uvira mjini, muuza vitabu, yeye mwenyewe alimwambia hivyo walipokutana kambini Kigoma. Alisema mtu yule alimwosha miguu alipokuwa na mimba. Alisema mengi, na kadiri alivyosema ndivyo alivyokumbuka kwamba hakuwahi kumwona ndugu hata mmoja wa Hyacinthe, wala rafiki wa utotoni, wala picha ya kabla ya kambi.

"Anasema ndugu zangu," Épiphanie alisema, "halafu ananyamaza kidogo kabla ya neno baya. Ningemtambua hata kaburini."

Hapo ndipo Spéciose alipomfikiria mtoto.

Alimpigia Mélissa. Simu iliita mpaka ikakata. Akampigia Jennifer, Richmond Hill. Jennifer alishangaa. Hakuwa na mtihani wowote na Mélissa, wala hakumwona isipokuwa jana jioni alipokuja kuazima begi la mgongoni. Alisita, kisha akasema ukweli: Mélissa alikuwa amemwandikia mwenye video zile, na mwenye video alijibu siku ile ile. Usiku alipanda basi la Montreal, na kutoka pale angevuka kwenda Vermont. Alikuwa na pasipoti yake ya Kanada. Alikuwa na furaha sana, Jennifer alisema, alitaka kumrudisha baba nyumbani iwe zawadi kwa mama.

Spéciose alipiga tena. Épiphanie alimshikia simu, sauti ikiwa imefunguliwa, katikati yao kitandani.

Iliita mara moja. Mara ya pili ikapokelewa, na aliyepokea hakuwa Mélissa.

"Mama Mélissa," ilisema sauti ile, tulivu, karibu mno. "Nilijua utapiga. Mtoto amelala hapa garini, safari imemchosha. Amekua sana. Ananiuliza maswali mengi."

Spéciose alijikaza atoe sauti ya kawaida, ya mke aliyefurahi. "Mko wapi?"

Épiphanie alijifunika mdomo kwa kiganja, lakini alikuwa amechelewa. Kilio kidogo kilikuwa kimeshamponyoka, chembamba, kama cha mtoto.

Kule Vermont palikuwa kimya kidogo.

"Nitakwambia tuko wapi," Hyacinthe alisema. "Ila kwanza niambie wewe. Ni nani huyo aliye karibu nawe, anayelia?"